Wateja ninao, hamu ya kushona ndiyo sina

Asalaam aleikum, Shangazi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, wawili wao pacha, ndiyo maana hapa Bombo, Uganda, hata wateja wananiita Nalongo. Nilizaliwa kambi ya jeshi, nikakulia kambini, nikaolewa na mwanajeshi. Mume wangu sasa hivi yuko kazini Somalia.

Kabla ya korona nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya binafsi, mshahara shilingi 250,000 kwa mwezi. Shule zote zilipofungwa Machi 2020, mshahara ulikatika papo hapo. Nikaitoa cherehani ya mguu aliyoniachia mama, nikaanza na barakoa, nikaingia kwenye mapazia, baadaye sare. Shule zilipofunguliwa Januari 2022 sikuitwa tena, na wala sikulia, maana tayari cherehani ilikuwa inatulisha. Leo nina cherehani mbili na overloki, zote sebuleni. Nashona sare za shule, gomesi (lile vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda), magauni ya kitenge, na kanzu za watoto Idd ikikaribia.

Wateja ninao, Shangazi. Kinachonikimbia ni hamu. Asubuhi watoto wakishaondoka narudi sebuleni, naona vitambaa vimerundikana juu ya kochi, na mwili unakataa kabisa. Naanza kuosha vyombo ambavyo vingeweza kungoja. Nashika simu nione kama kuna oda, nashtukia saa nzima imekwenda TikTok. Jirani anaingia, "Nalongo, si uko tu nyumbani," anakaa. Mama mkwe anapiga simu nimpelekee dawa, nimsindikize msibani, nimpokelee mgeni. Naye akiulizwa habari zangu huwaambia watu, "Huyu hafanyi kazi, yuko nyumbani." Jioni watoto wanarudi, kuna chakula, kuna kazi zao za shule, na mimi nakaa kwenye cherehani saa nne usiku. Ajabu ni kwamba nikishona mshono mmoja tu mikono inaamka, naweza kwenda mpaka saa saba. Kesho yake niko hoi.

Wateja wakiuliza nasema "kesho jioni". Nasema hivyo kwa kila mtu. Mwezi uliopita mama mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake cha gomesi, nikiwa nimeshakikata mikono, akakipeleka kwa fundi mwingine. Aliondoka bila kunitukana, na hilo ndilo lililoniuma.

Pesa nayo siielewi. Januari nilishona sare kama 60, kila moja 40,000. Pesa iliingia kwenye simu, ikatoka kwenye simu: karo, unga wa posho, umeme wa Yaka, dawa ya mtoto, mchango wa harusi. Februari ilipoisha sikuwa na hata ya kununulia uzi. Nikajiuliza nilikuwa nakesha kwa ajili ya nini.

Nimewasikiliza wahamasishaji kwenye simu. Wanasema mtu aliyefanikiwa huamka saa kumi alfajiri. Nilijaribu, nikasinzia juu ya meza ya kukatia na mkasi mkononi. Wifi yangu anasema nipange chumba kando ya barabara ya Gulu, 150,000 kwa mwezi, eti nikitoka nyumbani nitapata nguvu. Lakini naogopa kodi ya chumba, naogopa na watu wa URA, wanaotoza kodi ya serikali. Siku nyingine nafikiri nirudi tu kutafuta ualimu, maana kule kengele ikilia nilikuwa naingia darasani nipende nisipende, na wakati wa mapumziko nilikuwa na wenzangu wa kucheka nao.

Shangazi, je, mimi ni mvivu? Au hii kazi si yangu?

Nalongo, Bombo

Shangazi anajibu

Waaleikum salaam, Nalongo.

Mvivu hashoni sare 60 kwa mwezi mmoja huku akilea watoto wanne peke yake. Hilo liondoe moyoni kabla hatujaendelea, maana mtu akishajiita mvivu huacha kutafuta chanzo. Na chanzo umekiandika mwenyewe, ila umekipita haraka: pesa ya Januari iliingia kwenye simu ikatoka kwenye simu, na Februari ilipoisha hukuwa na ya uzi.

Chukua kalamu tupige hesabu ya sare moja. Bei zako unazijua wewe. Hizi zangu ni za mfano tu, utazirekebisha. Kitambaa cha Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa Kampala, tuseme 15,000. Zipu, vifungo na uzi, 4,000. Umeme wa overloki na pasi, 1,000. Nauli ya Kampala, ukiigawa kwa sare zote ulizonunulia vitambaa safari hiyo, 2,000. Jumla 22,000. Umeuza 40,000, kwa hiyo zimebaki 18,000. Katika hizo, 10,000 iite mshahara wa mikono yako, na 8,000 iite ya biashara.

Sasa zidisha kwa 60. Gharama zilikula 1,320,000. Biashara ilipata 480,000. Mikono yako ilipata 600,000.

Soma tena hiyo ya mwisho. Ni zaidi ya mishahara yako miwili ya ualimu, umeipata ndani ya mwezi mmoja, sebuleni kwako, na hukuiona hata siku moja. Ulipokuwa mwalimu 250,000 ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na siku yake. Ilifika, ukaishika, ukasema hii nimeifanyia kazi, ndipo ukaigawa. Mshahara wa cherehani haukufika popote. Uliliwa na nyumba ukiwa bado umechanganyika na pesa ya kitambaa, na nyumba haikushiba, ikala na pesa ya kitambaa yenyewe. Ndiyo maana uzi ulikosekana. Sasa niambie, mikono inayokesha mwezi mzima halafu haioni kilichopatikana, itaamkaje Machi kwa furaha? Mwili wako unaokataa asubuhi umepiga hesabu hiyo kabla yako. Umeona kwamba ushone usishone, mwisho wa mwezi ni uleule.

Kwa hiyo mimi sianzi na saa ya kuamka. Naanza na laini ya simu. Sajili laini ya pili, iwe ya kazi tu, na wateja wote walipe huko. Hiyo laini haijui karo, haijui posho, haijui mchango wa harusi. Inalipa vitambaa, uzi, umeme wa kazi na nauli ya kwenda kununua. Kila Jumamosi jioni unafungua daftari, unahesabu nguo zilizotoka mlangoni na kulipiwa wiki hiyo, unajilipa mshahara wako kwenda laini ya nyumbani. Wiki ya nguo tano ni 50,000. Wiki ya nguo 15 ni 150,000. Ukishaivusha, ni ya nyumba, itumie kama ulivyotumia mshahara wa shule, pamoja na anachotuma baba watoto. Na Kiyembe, kama muuzaji anapokea malipo ya simu, mlipe moja kwa moja kutoka laini ya kazi, utaepuka ile asilimia 0.5 ambayo serikali hukata mtu anapotoa pesa taslimu.

Najua siku itafika mtoto atapata homa na laini ya nyumbani iko tupu. Chukua kutoka laini ya kazi, mtoto atibiwe, hakuna mjadala. Ila andika kwenye daftari kuwa nyumba inadaiwa na biashara, kiasi gani, tarehe gani, na Jumamosi zinazofuata ulipe kidogokidogo. Mchango wa harusi haupiti mlango huo. Wa harusi unatoka kwenye mshahara, na mshahara ukiwa mdogo mchango unakuwa mdogo.

Fanya hivi muhula mmoja tu kabla hujaamua kwamba kazi si yako. Hujawahi kuipa nafasi ya kukulipa.

Tuje kwenye asubuhi. Umesema jambo ambalo nataka ulishike kwa mikono miwili: ukishashona mshono mmoja, mikono inaamka. Basi tatizo lako la asubuhi ni dogo kuliko unavyolihofu, ni mshono huo mmoja tu. Kinachokuzuia kuufikia ni lile rundo juu ya kochi. Unaliangalia na kichwa kinaanza kuuliza: nianze na gomesi au sare, huyu alisema lini, ile zipu nyeusi niliweka wapi, uzi wa bluu umebaki? Maswali hayo yanachosha kabla hata hujakaa, na sahani chafu hazina swali hata moja, ndiyo maana unazikimbilia.

Yajibu maswali hayo jioni. Kabla ya kulala, chagua nguo moja ya kesho. Tunga uzi wa rangi yake juu na kwenye bobini. Bana vipande viwili vya ubavu kwa pini, viweke chini ya mguu wa cherehani, shona kama inchi mbili, kisha acha hapohapo, sindano ikiwa ndani ya kitambaa. Zipu na vifungo vyake viweke kwenye kibakuli pembeni. Rundo lingine lote litoke kwenye kochi, liingie kwenye gunia au sanduku ambalo halikutazami. Asubuhi ukikaa hakuna cha kuamua. Mguu unakanyaga, mshono uliokwisha kuanza unaendelea, na huyo Nalongo wa saa nne usiku anajitokeza saa mbili asubuhi.

Kukata nako kupe siku yake. Fundi anayekata nguo moja, akaishona, akarudi kukata nyingine, anapoteza muda mwingi kuhama tu kati ya meza na cherehani. Kata Jumatatu vya wiki nzima, funga kila nguo na jina lake na tarehe yake. Hilo ni andalio la somo, na wewe umeandika maandalio ya somo kwa miaka.

Ile "kesho jioni" inakumaliza kuliko usingizi. Kila unapoisema unajiongezea mtu mmoja wa kumwogopa, na ukiwaogopa watu kumi hutataka hata kuitazama simu ya kazi. Pima kwa wiki moja unaweza kumaliza nguo ngapi kwa siku bila kukesha. Tuseme ni tatu. Basi mteja wa leo akikukuta na nguo 12 mbele yake, hesabu ni siku nne za kazi, ongeza moja ya umeme kukatika, umwambie tarehe hiyo. Iandike kwenye karatasi aondoke nayo. Na asiache kitambaa bila nusu ya pesa ya ufundi. Wengine watakwenda kwa fundi mwingine, waache waende. Mteja asiyetoa nusu na anayetaka nguo kesho ndiye anayekuweka macho saa saba za usiku.

Na hao ambao vitambaa vyao viko kwako sasa hivi, wapigie leo, kabla hawajapiga wao. Mwambie kila mmoja tarehe ya kweli. Ambaye huwezi kumwahi, mrudishie kitambaa na pesa yake. Itauma siku moja, kisha utalala.

Habari ya jirani na mama mkwe naigawa mbili, maana hawa si watu wa daraja moja. Jirani anahitaji kuona saa. Funga pazia la sebule, cherehani iungurume, na akibisha mwambie kwa uso mkunjufu, "Niko kazini mpaka saa saba, njoo mchana tunywe chai." Ukimkaribisha mchana na chai ikawepo kweli, hatanuna. Ukishindwa kusema hivyo, mpe kazi: akija akae, lakini ashike pindo au ang'oe nyuzi. Atakayependa atakusaidia, asiyependa atapunguza kuja.

Mama mkwe si wa kujibishana naye, na sitakuambia umwekee masharti. Mwenye mdomo wa kuzungumza naye ni mwanawe. Akipiga simu kutoka Somalia, mwambie hivi: "Mama anapotaka nimhudumie asubuhi, nguo za watu zinalala. Mwambie wewe kwamba mchana wote ni wake." Kisha wewe utimize upande wako, mchana umfikie kabla hajakuita. Dawa zake umpelekee kwa siku maalumu, ajue Jumanne na Ijumaa Nalongo anakuja. Wazee wengi huita mara kwa mara kwa sababu hawajui mtu atafika lini. Msiba ni msiba, huo nenda, siku ya ziada uliyoiweka kwenye tarehe ndiyo kazi yake. Na ule usemi wake kwamba hufanyi kazi, nafikiri utapungua siku atakapokuona unatoa karo ya muhula kwa mshahara wako na mwanawe akalisema hilo mbele yake. Hadi hapo, usiupiganie.

Simu ya TikTok ikae jikoni mpaka saa saba. Simu ya kazi ifunguliwe saa nne na saa kumi jioni, hapo jibu oda na uweke picha za nguo zilizokamilika kwenye status ya WhatsApp. Inatosha kabisa.

Hao wa saa kumi alfajiri wasikusumbue. Mama anayelala saa saba usiku na kuamka saa kumi anaendesha sindano ya umeme karibu na vidole vyake akiwa nusu usingizini. Lala saa nne. Cherehani za asubuhi zikifanya kazi, usiku hautakuwa na deni.

Kuna miezi ambayo hamu itapungua na hakuna ubaya wowote, kwa sababu kazi yenyewe imepungua. Weka kalenda ukutani uone mwaka wako ulivyo. Januari na mwanzo wa Februari ni sare za muhula wa kwanza. Tarehe 8 Machi ni Siku ya Wanawake, vikundi vinataka vitenge vya kufanana. Mwezi wa mfungo unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na miaka hii umeingia Februari na Machi, maana yake kanzu za Idd zinakukuta ukiwa bado na mabaki ya sare. Hilo lilikuangusha, naona, na hukulijua. Agosti na Desemba ni za kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) na harusi, gomesi juu ya gomesi. Kati ya hapo kuna wiki tupu. Fundi asiyezijua wiki hizo huzipokea kama dalili kwamba biashara imekufa, akakata tamaa kila mwaka miezi ileile. Anayezijua huzitumia: anasafisha mashine na kuzitia mafuta, anabadilisha mkanda uliochakaa, anashona sare chache za saizi ndogo za shule zilizo jirani, ambazo Januari hazitakosa mnunuzi. Chache tu, zisizomaliza pesa ya laini ya kazi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani ndilo limekaa chini ya mengine. Unakumbuka kengele na unakumbuka wenzako. Ulikuwa na mahali pa kufika, watu waliojua kama umechelewa, na watoto waliokutazama ukitenda kitu unachokijua vizuri. Vyote hivyo vilikatika Machi 2020, na tangu hapo unafanya kazi peke yako ukitazama ukuta wa sebule, huku mwenzako yuko mbali kwenye kazi ya hatari. Mtu yeyote angenyong'onyea. Wewe ni mwalimu, Nalongo, na hilo halikwisha siku mshahara ulipokatika. Hapo Bombo wapo wasichana waliomaliza shule wanaotafuta kujifunza ushonaji, na wazazi wao hulipa ada kwa fundi anayewafundisha. Una cherehani mbili na una mikono miwili. Cherehani ya pili inakaa tupu.

Chukua wanafunzi wawili, wasizidi, kwa masomo ya asubuhi, Jumatatu hadi Alhamisi. Kaa na wazazi wao, andikeni makubaliano, mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ashuhudie ili baadaye kusiwe na maneno. Saa mbili asubuhi wako mlangoni, na hiyo ndiyo kengele yako, imerudi. Huwezi kuosha vyombo wakati wanafunzi wamekaa. Jirani akiingia atakuta darasa, ataelewa bila kuambiwa. Utakuwa na watu wa kuzungumza nao juu ya kola na kwapa za gauni, na kufikia Januari watakuwa wanajua kushona mikanda na kutia vifungo, uwalipe kwa kila kipande. Ningeweka pesa yangu hapa kabla sijaiweka kwenye chumba cha barabarani.

Jambo moja nakuuliza kwa upole. Je, hamu imekimbia kazini tu, au imekimbia hata kwa watoto, hata kwenye swala, hata kwenye chakula? Kama unaamka usiku na hulali tena, kama unalia bila sababu, kama unaona bora usingekuwepo, basi hayo si ya cherehani na daftari halitayatibu. Nenda kituo cha afya, mwambie mhudumu kwa maneno hayohayo. Ni ugonjwa unaotibika. Wake wengi wa wanajeshi walio mbali hubeba mzigo huu kimya, na wengine wako nyumba za jirani yako hapohapo kambini. Watafute hao pia.

Kuhusu chumba cha wifi yako: ameshauri kwa nia njema, lakini bado. Chumba hakitakupa hamu kama pesa itaendelea kuchanganyika. Kitakupa deni la 150,000 kila mwezi, leseni ya biashara ya halmashauri ya mji, na watoto watakaorudi jioni wakakuta mlango umefungwa.

URA usiwaogope bure, jua sheria inasema nini. Kwa viwango vya kodi ya biashara ndogo vilivyowekwa 2020, mauzo yasiyofika milioni 10 kwa mwaka hayatozwi. Kati ya milioni 10 na 30, mwenye kumbukumbu za hesabu hulipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10, na asiye na kumbukumbu hulipa 80,000. Chukua mauzo ya milioni 12: mwenye daftari analipa 8,000. Tofauti ya 72,000 ni vitambaa vya sare karibu tano, na umeipata kwa kuandika tu.

Ukitaka kujua kama biashara inaweza kubeba chumba, ilipishe kodi ya chumba kabla hujakipanga. Kuanzia mwezi ujao, baada ya kujilipa mshahara wako, toa 150,000 kutoka laini ya kazi uziweke akiba kwenye SACCO, kila mwezi, muhula mzima. Ikishindwa mwezi wa pili, umejua, na pesa ya mwezi wa kwanza bado ni yako. Ikiweza miezi yote 3, utakuwa na 450,000 mkononi, ambayo ndiyo wenye vyumba wengi huitaka mwanzoni, na hapo mchukue wifi yako mkaangalie chumba pamoja. Angalieni kama kina mita yake ya Yaka, isiyochanganywa na ya jirani.